Kwa nyie vijana mnaoshika mali za wazee hapa Mwanza

Mwangaluka wajukuu. Nawaandikia nyie ambao wazee wenu walitafuta kwa samaki, pamba na maduka ya mjini, sasaivi funguo ziko kwenu na kila mkikutana stori ni ileile, dola itaendaje, dhahabu itapanda mpaka wapi, tununue nini. Mnaanzia pabaya. Familia zenye hela ya kweli, zile zilizofika mpaka vitukuu, sio kwamba ni mabingwa wa kutabiri, wao huanza kwa kuulizana ni jambo gani likitokea linatumaliza wote, halafu hilo wanalipunguza mapema.

Mwaka 1999, wengine hamjazaliwa, Ulaya walizuia samaki wa ziwa letu sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu. Sasa chukua nyumba yenye kiwanda cha sangara, malori yanabeba sangara, fremu zao wamepanga wauza samaki wa mwaloni, na mkopo wa benki rehani yake ni kiwanda hichohicho. Kwenye karatasi wana vitu vinne, mimi nahesabu kimoja.

Rockefeller, yule tajiri wa Marekani, hela yake ilitoka kwenye mafuta lakini tangu 1882 alikuwa na ofisi ya kusimamia mali ya familia, mbali na kampuni. Ofisi za namna hio kazi yake kubwa haina mbwembwe, ni kuhakikisha hela ya kula na kulipa madeni ya mwaka au miwili ipo pembeni na biashara haiigusi. September 2008 Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, ilipoanguka hisa zilishuka dunia nzima, na walioumia zaidi ni waliokopa ili wanunue, wakadaiwa, wakauza kwa bei ya kutupa. Mwenye akiba alikaa kimya, wengine hata waliongeza.

Na hapa kwetu vitu vipo. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, unaanza na milioni 1, riba inaingia kila miezi 6, ipo ya miaka 2 mpaka ya 25. Ila ya miaka 25 msiite akiba ya dharura jamani, ukitaka kuiuza njiani unategemea mnunuzi wa siku hio, na riba za hatifungani mpya zikipanda, hiyo yako inashuka bei. Ya dharura weka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au benki. Viwanja vya Buswelu na Kisesa sawa, lakini kiwanja hakilipi ada ya shule wiki ijayo. Na mwenye mauzo ya shilingi asikope dola, hilo sina maelezo zaidi.

Kabla hamjanipigia tena habari za dhahabu kaeni na mama zenu na shangazi (mnawasahau sana kwenye vikao na wao ndo wanajua nani anadaiwa nini), muandike madeni yote, rehani zote, na kila hati iko kwa jina la nani. Hio karatasi ndo mje nayo Nyegezi, jioni huwa nipo.