Risala ya klabu ya Kiswahili na Mazingira kwa mgeni rasmi, Jinja, Uganda

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni, karibuni sana Jinja.

Tumeambiwa tuongee kuhusu tabianchi na miji yetu, tukaona tuanzie jikoni maana ndo tunakokujua. Mheshimiwa, kutoka hapa mpaka bwawa la Nalubaale si mbali, umeme unazalishwa pale tangu 1954, halafu zikaja Kiira, Bujagali, Isimba, na 2024 Karuma nayo ikazinduliwa, megawati 600, yaani Nile inatupa umeme kibao tena bila moshi. Sasa pita mtaani jioni, kila mlango una sigiri, jiko la makaa! Mama ana Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ukutani lakini maharagwe anapikia makaa, anaogopa yuniti zitaisha. Hatumlaumu, hela ni ngumu, ila hayo makaa ni miti ya watu. 2023 rais alipiga marufuku biashara ya makaa kule kaskazini, Acholi, Lango na kwingineko, na biashara haijafa kwa sababu mnunuzi ni sisi watu wa mjini.

Klabu imeanza na tunachokiweza. Balbu za zamani za wati 60, zile ukizigusa zinakuunguza, bwenini tumezitoa tumeweka LED za wati 9 na mwanga ni ule ule. Maharagwe tuliomba yalowekwe usiku, yanaiva haraka kuni zinapungua (wapishi walitucheka mwanzoni, siku hizi ndo wao wanatukumbusha). Wanaoacha taa za darasani zinawaka mchana bado tunapambana nao, na wengine wamekaa hapa hapa mbele yako.

Kinachotushinda ni jiko lenyewe. Sufuria ya posho (ugali) iko juu ya mafiga matatu, moto unatokea pembeni, joto linapotelea hewani, moshi wote machoni kwa wapishi. Tunaomba utusaidie majiko banifu mawili makubwa yenye bomba la moshi. Matofali wazazi wameahidi, fundi tumeshaongea naye, zimebaki vyuma na hela yake ya kazi. Ukiweza na presha kuka moja ya umeme tuipikie chakula cha walimu, tuangalie Yaka inakula yuniti ngapi tukilinganisha na bei ya makaa, halafu hesabu tuibandike getini akina mama waione.

Kabla ya chakula tunaomba upitie jikoni ujionee. Asante sana, naomba kuwasilisha.