Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyelijengea kaburi la bibi

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika hapa. Wengine wakisoma si vibaya, maana kosa lenyewe liko kwenye makaburi mengi, si la bibi peke yake.

Saruji, marumaru, nauli ya fundi na ng'ombe wa wageni, vyote vilitoka mfukoni mwako, na hakuna aliyesahau. Ila lile shuka lilipofunuliwa na mchungaji akasoma kwa sauti, "Alizaliwa Dodoma, Tanzania, 1919", wazee walitazamana. Nawe ukajibu: "Si nchi ni ile ile?" Neno hilo halijanitoka hadi leo.

Ardhi ni ile ile, mdogo wangu. Jina ndilo halikuwapo. Mwaka 1919 ilikuwa bado miaka 45 Tanzania izaliwe. Hata Tanganyika haikuwa nchi, lilikuwa ziwa, kule Ujiji. Waingereza walilichukua jina la ziwa wakaipa nchi nzima mwaka 1920. Kabla yao Wajerumani waliiita Deutsch-Ostafrika, nayo ilibeba Rwanda na Burundi humo humo. Koloni hilo lilianzia kwenye karatasi alizosainisha Mjerumani Carl Peters mwaka 1884 huko Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami. Soma majina hayo vizuri: Ugogo, nchi yetu, haimo. Sisi tulichukuliwa baadaye, kwa bunduki na maboma yao.

Na kabla ya Mjerumani? Hapo ndipo uliponiumiza, maana umeandika kana kwamba hapakuwa na kitu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipumzika Mpwapwa, ukajaza vibuyu maji, ukavuka nyika ya Marenga Mkali, ambako maji yenyewe ni machungu, ndipo ukaingia Ugogo. Humo kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Wazungu waliandika kwamba ni unyang'anyi. Lakini visima vilikuwa vya wenyeji, mtama ulikuwa wa wenyeji, na mbele ilisubiri Mgunda Mkali, pori la siku nyingi kabla ya kufika Unyanyembe, kule Tabora. Bila maji na nafaka ya Ugogo wapagazi wangekufa njiani. Stanley, msafiri wa Kizungu, alipita Mvumi mwaka 1871 na hongo akalipa. Mahali unapolipia ili upite pana mwenyewe, na pana jina.

Jina lenyewe halina ugumu. Mtu ni Mgogo, watu ni Wagogo, nchi ni Ugogo. Ndivyo zilivyo Unyamwezi, Uhehe, Unyaturu, Usandawe. Kondoa ndiyo inayowakosesha watu: huko watu ni Warangi, lakini nchi ni Irangi.

"Dodoma" nayo usiitandaze kila mahali. Wazee wanasimulia kuhusu tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, wakasema "idodomya", amezama. Palikuwa mahali padogo. Maboma ya Mjerumani yalikuwa Mpwapwa na Kilimatinde, na ni reli iliyofika mwaka 1910 iliyopageuza kuwa mji. Bibi alizaliwa Mvumi, kwenye tembe, nyumba yetu ya udongo, mbali na stesheni.

Wanasema nilikuvunjia heshima mbele ya wageni. Nilipaza sauti, ndiyo. Ningenyamaza, wajukuu wangesoma uongo kwenye jiwe kwa miaka mia. Wewe una moyo wa kutoa kuliko sisi wote, lakini hukumuuliza mzee hata mmoja kabla ya kumtumia fundi maneno.

Ukiwaandikia wengine, anza na mwaka. Kuanzia 1920 hadi 25 Aprili 1964, andika Tanganyika. Aliyezaliwa Unguja au Pemba miaka hiyo, andika Zanzibar, usimtie Tanganyika kamwe. Kati ya 26 Aprili na mwishoni mwa Oktoba 1964 nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina la Tanzania likaja baada ya hapo. Wengi huteleza kwenye miezi hiyo sita.

Mwaka usipojulikana, usibuni tarakimu. Huo 1919 uliupata wapi? Bibi alisema tu "mwaka wa Mtunya", na njaa ya Mtunya iliendelea kwa miaka kadhaa hadi 1920. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakatika. Mjerumani alikuwa ameshaondolewa Dodoma tangu 1916, Mwingereza naye hakuipa nchi jina hadi 1920. Kwa hiyo jina la serikali la uhakika la kumwandikia bibi halipo, lipo la wenyeji tu.

Marumaru haifutiki. Fundi akijaribu kuchonga juu ya herufi za zamani, jiwe litapasuka pembeni penye skrubu. Atoe kibao chote, aweke kipya. Gharama hii ni yangu, wewe nipe ruhusa tu, maana kaburi ulilijengea wewe. Maneno ni haya:

Alizaliwa Mvumi, Ugogo,
wakati wa njaa ya Mtunya.

Fundi yupo hadi Jumamosi. Pokea simu, mdogo wangu.