Umeogesha, na bado ng'ombe ameugua

Haipiti wiki bila mteja kuingia dukani kwetu, duka la dawa za mifugo, na kusema, "Nipe OTC," yaani oksitetrasaiklini, sindano ya kuua bakteria. Ukimuuliza mnyama ana nini, jibu ni "homa ya kupe". Ukimuuliza homa ipi, anakutazama kama umeanza kumletea mitihani ya shule. Halafu linafuata lalamiko ambalo ndilo limetufanya tuandike: "Na niliogesha dawa ya kupe juzi tu!"

Duka letu liko Makuyuni, pale barabara ya kutoka Arusha inapogawanyika, moja ikielekea Mto wa Mbu na Ngorongoro, nyingine Babati na Dodoma. Upande mmoja tuna Tarangire, upande mwingine Ziwa Manyara, na nyumbu na pundamilia hupita katikati kufuata majani bila kuomba ruhusa ya mtu. Nyati na pofu nao wapo. Ng'ombe wako anakula asubuhi pale walipolala wao usiku. Usitegemee kupe wa mnyama pori na kupe wa ng'ombe wawe jamii mbili tofauti.

Kwanza tukiri kosa letu wenyewe. Mteja wetu mmoja alinunua mitamba watatu wa maziwa kutoka mteremko wa Mlima Meru, wanyama waliofugwa bandani na kukatiwa majani, hawajawahi kuona pori. Siku waliposhuka kwenye gari aliwaogesha, akarudia baada ya wiki. Wiki ya tatu akapiga simu: mmoja ana homa kali, hataki kula. Tukasikia "homa", tukasikia "kupe", tukamtumia bodaboda na sindano ya ndigana kali, mojawapo ya homa za kupe. Kesho yake mtamba alikuwa ananyanyua miguu juu kama anayevuka maji, anatafuna na mdomoni hamna kitu, kichwa kinatetemeka. Jirani wakasema ni kichaa cha mbwa, wengine wakasema amekula jani la sumu. Jioni alianguka akawa anapiga miguu hewani, na usiku akafa. Tulipompasua, mfuko wa moyo ulikuwa umejaa maji ya manjano yanayoweza kujaza kikombe cha chai, na yalipokaa hewani kidogo yakaanza kuganda. Mapafu yamejaa povu.

Yale yalikuwa maji moyo, homa nyingine ya kupe. Sindano tuliyotuma ni nzuri sana, ila kwa ugonjwa mwingine.

Tofauti yenyewe ndiyo hii. Ndigana kali, ile Wamaasai wanayoiita oltikana, haisababishwi na bakteria. Mdudu wake ni wa jamii iliyo karibu zaidi na ile ya malaria, na OTC haimtibu. Dawa yake ni buparvakwoni. (Ndiyo, wachanjaji wa ndigana kali huchoma OTC pamoja na chanjo, na hapo ndipo watu wengi walipopata wazo kwamba inaponya. Pale kazi yake ni kupunguza makali ya chanjo, si kumponya ng'ombe aliyekwisha kuugua.) Maji moyo na ndigana baridi, homa ya tatu ya kupe, ndiyo magonjwa ya bakteria, na hayo OTC inayaweza, mradi umewahi. Kwa maji moyo "kuwahi" maana yake ni siku za homa tupu. Akishaanza kunyanyua miguu, mara nyingi umechelewa.

Bakteria wa maji moyo walitambuliwa mwaka 1925 na Cowdry, huko Afrika Kusini. Wanabebwa na yule kupe mkubwa mwenye miguu yenye pete nyeupe, ambaye dume lake lina mgongo wa rangi ya chungwa unaong'aa kama umepakwa rangi ya kucha. Sisi tunamwita kupe wa rangi. Huyu hula mara tatu maishani, kila mara kwa mnyama mwingine: akiwa mdogo kama punje ya mchanga, akiwa wa kati, na akiwa mzima. Kila akishiba anaanguka, anajibadilisha gamba ardhini, kisha anatafuta mnyama mpya. Bakteria hawarithiwi kupitia mayai. Anawapata akiwa mdogo kwa kunyonya mnyama aliyenao, anawahifadhi wakati wa kujibadilisha, kisha anawaingiza kwa mnyama anayefuata. Nyati, pofu na twiga hukaa na bakteria hawa bila kuonyesha ugonjwa wowote. Yule nyati mnene unayempiga picha ukiwa njiani kwenda mnadani anaweza kuwa ndiye ghala.

Lakini tusimwonee nyati. Ng'ombe wako aliyepona naye ni ghala. Kwa ndigana baridi ni zaidi: aliyepona anaweza kubaki na bakteria maisha yake yote, ameshiba, anatoa maziwa, na kila kupe anayemnyonya anaweza kuondoka na mzigo. Wala si kupe peke yake. Inzi wanaouma wanahamisha, kisu cha kukatia pembe kinahamisha, na sindano moja iliyochanja boma zima inahamisha. Hili la sindano tunaliona kila msimu wa chanjo na linatuudhi, kwa sababu sindano mpya ni bei ya pipi.

Sasa, kwa nini umeogesha na bado ameugua?

Kupe wa rangi hasubiri juu ya jani. Anakaa ardhini, na akinusa pumzi ya mnyama anatoka mbio kumfuata. Dume akishajishika hukaa hapo kwa wiki nyingi na kutoa harufu inayowaita wenzake, ndiyo maana unawakuta wamejikusanya kama watu wa kijiweni: kwenye kiwele, kinenani, chini ya mkia, kwenye ngozi inayoning'inia shingoni, hata kati ya kwato. Wafugaji wengi tunaowatembelea wananyunyizia mgongo. Mgongo unang'aa kwa dawa na huko chini ya tumbo ni pakavu. Bomba moja la kubeba mgongoni kwa ng'ombe kumi ni kutuliza vumbi, si kuogesha. Tena kuna anayepunguza dawa kwenye maji ili chupa ifike mwezi ujao. Kupe asiyekufa kwa dawa hafifu ndiye atakayezaa, na mama mmoja wa aina hii anaweza kutaga mayai maelfu kwa maelfu.

Kuna nafuu moja. Kupe akijishika leo hamwagi bakteria wa maji moyo papo hapo. Huchukua kama siku moja hadi tatu. Kwa hiyo kijana anayekamua asubuhi akipitisha mkono kiweleni na kinenani, akang'oa anaowakuta, anaokoa mnyama bila kutumia senti. Kwenye mvua za masika, wakati kupe wazima ni wengi, mkono huo una thamani kuliko dawa iliyochanganywa vibaya.

Na kama unaleta mitamba kutoka mlimani, tupigie kabla hujawapakia kwenye gari. Ndama waliozaliwa huku huonja bakteria wangali wadogo sana, wakati mwili wao una kinga ya utoto, ndiyo maana ng'ombe wa asili unawaona wanadunda. Mtamba wa bandani hana kinga hiyo. Tangu yule mtamba afe tunampangia kila mgeni ratiba ya kupima joto kila asubuhi kwa wiki nne. Kipimajoto tunaazima bure, ila kirudi.

Huduma nyingine tuliyoanza baada ya kosa lile: hatuuzi sindano ya homa kwa maelezo ya simu. Tunakuja, au unaleta mnyama, tunatoa tone la damu kwenye ncha ya sikio na majimaji kidogo kwenye tezi iliyovimba, tunapaka kwenye kioo, tunatia rangi, tunatazama kwa hadubini. Ndigana baridi inaonekana wazi: kidoa cheusi kwenye ukingo wa chembe nyekundu ya damu, kama kiini cha tikiti kilichobanwa kwenye ganda. Tutakuita nawe utazame. Maji moyo hayaonekani kwa tone hilo la damu, hilo tunakuambia mapema. Hapo tunaamua kwa dalili, kwa joto, na kwa kupe tuliowakuta mwilini. Kipimo hakifiki bei ya chupa ndogo ya OTC. Ukishachoma OTC, angalia kwenye lebo ni siku ngapi maziwa hayanywewi wala hayauzwi.

Mwisho, wewe mwenyewe. Kupe huyu huyu anabeba bakteria wengine wanaomshika binadamu, na hawa wanapita hata kwenye mayai yake. Siku kadhaa baada ya kuumwa unapata homa, kichwa kinagonga, tezi za kinenani zinavimba, na pale alipouma panakuwa na kidonda chenye gamba jeusi, wakati mwingine viwili vitatu kwa pamoja. Wachungaji na vijana wa kambi za utalii wanakifahamu. Wengi hudhani ni malaria. Utafiti wa hospitali mbili za Moshi, uliotolewa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria, na waliokuwa nayo kweli hawakufika wawili kwa mia. Homa za kupe zilikuwa miongoni mwa zilizokuwa zimejificha humo. Ukienda hospitali, vua kiatu, onyesha kidonda, sema "niling'atwa na kupe". Dawa ipo na daktari anaijua. OTC ya ng'ombe tafadhali usijichome. Tumeshamkatalia zaidi ya mtu mmoja.

Kupe akikushika, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpinda. Usimchome na sigara wala kummwagia mafuta ya taa.

Ukija dukani njoo na kupe uliowang'oa, tutakuambia ni wa aina gani na dawa ipi inawafaa. Waweke kwenye kichupa kilichooshwa, pamoja na jani bichi, kifuniko kimekazwa. Mzee mmoja alituletea wake wamefungwa kwenye noti ya elfu mbili. Alipoifungua mezani walikuwa wamebaki wawili, na aliondoka na wasiwasi wa wale wengine walikokwenda.