Harambee ya Mashua: Ngege wa Kanyaboli Wanatuhitaji

Wazazi wetu, wanafunzi wetu wa zamani, nanyi nyote mliokulia kando ya kinamasi cha Yala na sasa mko Kisumu, Nairobi, Mombasa au ng'ambo, hamjambo?

Najua barua ya shule ikifika, mkono unakwenda mfukoni na moyo unauliza: ni paa la bweni tena, au ni basi? Safari hii tunaomba mashua, ili watoto wa Klabu ya Mazingira wapime maji ya ziwa letu.

Ziwa Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi chetu, ni dogo, kama kilomita 10 za mraba hivi, na sehemu nyingi kina chake ni mita 3 tu. Kwenye kalenda hamlioni. Huko wamewekwa heroe wa Nakuru, Bogoria na Elementaita, maziwa ya magadi ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, na viboko wa Naivasha, na Turkana lililolala jangwani. Kenya ina maziwa ya kila namna na hatuyaonei wivu. Ila sisi tuna ngege, samaki wa jamii ya perege.

Wazee wanamkumbuka ngege alipokuwa samaki wa kila nyumba pande zote za Ziwa Victoria. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia mwanzoni mwa karne iliyopita zikampunguza. Miaka ya 1950 akaletwa mbuta, yaani sangara, anayekula samaki wenzake, na karibu na wakati huo nyamami, yaani sato, kutoka kwingine. Haikuchukua muda mrefu, ngege akawa hadithi katika ziwa kubwa, na aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo, zikatoweka pia. Huku kwetu alibaki.

Kilichomwokoa ni mafunjo. Yale maji meusi kati ya mashina yake yana hewa haba mno. Kamongo anayavumilia, fulu wengine pia, lakini mbuta yanamshinda. Kwa hiyo kila ekari ya mafunjo inayochomwa ili kupanda mahindi ni uzio unaobomolewa. Silaumu mtu mwenye njaa, na mimi nina shamba. Lakini kinamasi hiki kimeanza kukaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960, Mto Yala ukageuzwa njia, na ziwa likapungukiwa na maji yaliyokuwa yakilifikia. Nyamami naye akishaingia huzaana na ngege, na baada ya vizazi vichache unavua samaki asiye huyu wala yule.

Muhula uliopita mvuvi mmoja alitupa ngege jike kwenye beseni ili watoto wa Klabu ya Mazingira wamwone. Mdomo wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyebugia ugali. Mtoto mmoja akauliza kama anaumwa jino. Kabla sijajibu, samaki akafungua kinywa, na vitoto vikamwagika majini, vidogo kama viluwiluwi vya mbu, kila kimoja na macho mawili meusi. Darasa zima kimya. Tulibeba beseni lote tukalirudisha ziwani, na tangu siku ile sijamwita mtu kuja kwenye klabu, wanakuja wenyewe.

Kila Ijumaa wanashusha majini kifuniko cha ndoo walichokipaka nyeupe na nyeusi, wakipima kinapotelea kina gani, ili wajue maji ni maangavu kiasi gani. Shida ni kwamba tunapima gatini tu. Tulipoazima mtumbwi ili tufike katikati, ulivuja, na watoto wanne wakashinda wakichota maji kwa kopo la Kimbo badala ya kupima. Mwalimu mkuu alipiga marufuku safari hizo, na alifanya vyema: hatukuwa na jaketi hata moja la kuokolea maisha.

Mahitaji ni shilingi 300,000. Mashua ya mbao itachukua 130,000, jaketi 20 zitachukua 50,000, na kifaa cha kupima hewa iliyomo majini 85,000. Zile 35,000 zinazobaki ni za kuwalipa akina mama watakaotusaidia kupanda upya mafunjo kwenye ukingo uliochomwa nyuma ya shule. Wao ndio wasuka mikeka, wanajua lipi la kukata na lipi la kuacha. Wazazi wameshachanga 61,400. Bado 238,600.

Tumeni kwa Paybill ileile ya karo, na kwenye akaunti andikeni ZIWA ili mweka hazina asichanganye. Kila mchango utabandikwa kwenye ubao wa ofisi, hata wa shilingi 50. Asiye na pesa alete mbao, misumari, lami ya kuzibia nyufa, au siku moja ya kazi, fundi tunaye.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanjani. Mnada wa jogoo upo kama kawaida, na aliyemnunua mwaka jana akamwacha anaombwa safari hii aondoke naye. Chakula cha mchana kitakuwepo: ugali, omena na mboga. Ngege hatutapika.