Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: tenganisheni sindano na vidonge visivyo na jina

Kwako Mganga Mkuu wa Serikali,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Salaam, Daktari.

Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu hapa Dodoma, upande wa barabara iendayo Iringa. Wateja wangu wengi ni wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na vijiji vya jirani, mafundi ujenzi, vijana wa bodaboda, na kina mama wanaobeba ndoo na kuni tangu wakiwa wasichana. Wanachoulizia kuliko kitu kingine chochote ni dawa ya mgongo, magoti, shingo na kichwa. Nakuandikia juu ya tiba ya Kichina inayotolewa hapa mjini kwa maradhi hayo hayo: sindano nyembamba za akupancha, na vidonge vya mitishamba. Naona jambo jema na jambo la hatari yakiuzwa chini ya bango moja, na ofisi yako ndiyo yenye uwezo wa kuyatenganisha.

Msimu wa kupogoa zabibu mtu anashinda shambani ameinama, mkasi mkononi, mstari baada ya mstari. Jioni anapita dukani kwangu na kusema, "Mwanangu, nipe zile za mgongo." Anataka diklofenaki au ibuprofeni, na kesho atarudi tena. Nikimweleza kwamba vidonge hivi vikimezwa mfululizo vinaleta vidonda vya tumbo, vinapandisha presha na kuumiza figo, ananisikiliza kwa adabu, halafu ananiuliza swali ambalo sina jibu lake: "Sasa nitumie nini, dokta?" Kumwambia apumzike ni kumtukana, maana zabibu hazimsubiri. Kumwambia aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia ni kumtuma hospitali kubwa mjini, kwenye foleni, kwa nauli ambayo hana.

Hapo ndipo kliniki za Kichina zinapopata wateja, na sina ugomvi na sindano zenyewe.

Niliwahi kumsindikiza mama yangu mdogo, mwenye magoti yaliyolika, kwenye kliniki moja ya akupancha. Aliyemhudumia ni Mtanzania aliyesomea China. Kabla ya yote alimuuliza kama ana kisukari, kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama amewekewa kifaa cha moyo. Alinawa mikono, akasafisha ngozi kwa spiriti, akachana paketi ya sindano mbele ya macho yetu. Sindano zile hazina tundu na haziingizi dawa yoyote mwilini, na unene wake ni kama robo ya milimita. Alizichoma kuzunguka goti na chini kidogo ya goti, akaziacha kama dakika 20, kisha akazichomoa moja moja huku akizihesabu kwa sauti, na zote zikaishia kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Mama mdogo aliendelea kwenda. Magoti hayakupona, kwa kuwa gegedu iliyolika haioti upya kwa sindano, lakini akaanza kulala usiku na vidonge vya maumivu akabaki kuvitumia siku za baridi kali tu. Mtaalamu yule hakumuuzia hata kidonge kimoja.

Ushahidi wa mama mdogo peke yake hautoshi kukuandikia barua. Mwaka 2007 Ujerumani walichapisha matokeo ya utafiti wao wa watu zaidi ya 1,100 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi la akupancha kamili walikuwa asilimia 47.6. Katika kundi lililochomwa sindano za juu juu, mahali ambapo mafundisho ya Kichina hayapatambui, walikuwa asilimia 44.2. Waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida walikuwa asilimia 27.4. Wewe ni msomi wa mambo haya na umekwisha kuona kilichojificha humo: tofauti kati ya sindano "sahihi" na sindano "za uongo" ni ndogo mno. Ndiyo maana habari za "chi", ile nguvu ya uhai ambayo mafundisho ya Kichina yanasema inapita kwenye mikondo ya mwili, siwezi kuzitetea mbele ya mteja. Lakini makundi yote mawili ya sindano yaliacha mbali kundi la tatu, na mkulima wa Mpunguzi hataki falsafa, anataka kuinuka kitandani asubuhi bila kuunguza figo zake.

Uingereza nao wamevutana juu ya jambo hili. Taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, iliipendekeza akupancha mwaka 2012 kwa kuzuia kipandauso na maumivu ya kichwa yatokanayo na mkazo, mwaka 2016 ikaitoa kwenye mwongozo wa maumivu ya kiuno, na mwaka 2021 ikairuhusu kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana. Nauheshimu mvutano wa namna hiyo, kwa sababu kila upande unaweka takwimu zake hadharani. Nasi tungeweza kuwa na mvutano wetu wenyewe, kwa wagonjwa wetu.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi.

Alikuja mama mmoja, mkulima, akatoa kwenye mkoba kifuko cha nailoni. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeusi, mfano wa pilipili manga, na kikaratasi chenye maandishi ya Kichina matupu. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu neno moja la Kiswahili: MIFUPA. Hapakuwa na jina la dawa, jina la kiwanda, tarehe ya kuisha muda wala namba ya usajili. Alitaka kujua kama ninavyo vya aina hiyo, kwa sababu maumivu yake yaliisha siku ya pili tu. Siku ya pili, Daktari! Uso wake ulikuwa umeumuka, mashavu yamekuwa duara. Alisema anakula sana kuliko zamani, na usiku anaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Nilimwomba twende kituo cha afya akapimwe, na sukari ilikuwa juu, naye hajawahi kuambiwa ana kisukari. Yeyote aliyewahi kutoa prednisoloni au deksamethasoni, dawa za homoni aina ya steroidi, kwa muda mrefu anaijua sura ile. Nchi nyingi zimekwisha kukamata vidonge vya "mitishamba" vya viungo vilivyochanganywa kwa siri na dawa hizo, kama vile vya nguvu za kiume vinavyochanganywa na sildenafili. Nilimwandikia maelezo aende nayo hospitali, na nikamsihi asiache kuvimeza ghafla kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu mwili uliozoea homoni ya kupewa huacha kutengeneza ya kwake, na mtu anaweza kuanguka na kufa.

Hata pale ambapo mmea ni mmea kweli, hatari ipo. Miaka ya mwanzo ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake mchanganyiko wenye mizizi ya Kichina, na mzizi mmoja ukabadilishwa kimakosa na mwingine wenye sumu iitwayo asidi ya aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Hao walikuwa Ulaya, karibu na maabara kubwa. Sisi huku tuna kikaratasi kilichoandikwa MIFUPA.

Halafu kuna ile mashine. Utaikuta kwenye mabanda ya maonyesho, stendi, na sebuleni kwa watu. Mtu anashikishwa kifimbo cha chuma chenye waya uliochomekwa kwenye kompyuta, na baada ya dakika moja hivi anapewa kurasa za ini, figo, kongosho, kizazi, mifupa, zote na rangi zake. Wateja wananiletea makaratasi hayo wakitetemeka. Kifimbo kinachoshikwa kiganjani hakiwezi kupima sukari wala utendaji wa figo bila tone la damu wala mkojo. Kazi ya karatasi ile ni kumtia mtu hofu ili anunue kifuko kilicho pembeni. Nimeona mzee akiahirisha kununua dawa zake za presha kwa sababu mashine "imeonyesha" moyo uko salama, na fedha akapeleka kwenye makopo ya kusafisha ini.

Ukimuuliza muuzaji nani anamsimamia, anakuzungusha. Kliniki yake, anasema, iko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2002. Ukiuliza kuhusu vidonge, anasema hivyo si dawa hata viende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni virutubisho tu, na vyakula vilihamia TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Mbele ya mkaguzi ni kirutubisho, mbele ya mgonjwa kinatibu mifupa, figo, uzazi na kisukari kwa mpigo. Nakuomba hapo pazibwe. Kitu chochote kitakachotangazwa au kusemwa na muuzaji kwamba kinatibu ugonjwa kihesabiwe dawa siku hiyo hiyo, kichukuliwe sampuli, kipimwe, na kisionekane tena kaunta mpaka kiwe na jina, kipimo cha kumeza na maelezo ya Kiswahili.

Nasema hivi nikiwa naiheshimu elimu ya Wachina. Madaktari wao walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na tangu 1987 wataalamu wao wa tiba ya asili walishirikiana na hospitali ya Muhimbili kwa wagonjwa wa UKIMWI. Dawa mseto ya malaria ninayotoa kila masika imetokana na shamba lao. Tabibu wao Ge Hong aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita namna ya kuloweka majani ya pakanga ya Kichina kwenye maji kwa ajili ya homa. Mwanasayansi wao Tu Youyou akaisoma kauli hiyo, akatambua kwamba joto la kuchemsha huenda ndilo linaloharibu kiini cha dawa, na mwaka 1971 akakitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kiini hicho, artemisinini, ikapimwa kwa miligramu, ikaunganishwa na dawa nyingine ili vimelea visiizoee, ikafika kwangu ikiwa na picha za jinsi ya kumeza. Mitishamba ya mifuko ya nailoni ingependa kuvaa heshima ya Tu Youyou bila kupita kwenye kazi aliyoifanya.

Kwa hiyo sindano ziingizeni hospitalini. Wizara yako imekwisha kuanza kufungua milango ya hospitali za rufaa za mikoa kwa tiba asili, basi akupancha nayo iwekwe kwenye vitengo vya fiziotherapia, tukianzia hapa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakiwa jirani kufundisha na kuandika matokeo. Wafiziotherapia wa nchi nyingine wanaifanya kazi hiyo kila siku. Watu wetu hawataiogopa, chuku na chale ni mambo ya kwao, na hijama siku hizi iko kila kona.

Sababu yangu kubwa ya kutaka iwe hospitalini ni kile kinachotakiwa kufanyika kabla ya sindano ya kwanza. Kanda yetu ni ya wafugaji, na maziwa mabichi bado yananywewa. Brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, inaanza kwa homa za kuja na kuondoka, maumivu ya mgongo na viungo. TB inaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, mtu akadhani ni uzito wa jembe mpaka miguu ikose nguvu. Mgonjwa wa namna hiyo akichomwa sindano na kupata nafuu ya wiki mbili, amepoteza wiki mbili. Hospitalini atapimwa damu na kupigwa eksirei kwanza. Atachomwa na mtu anayejua kwamba sindano ikizama vibaya kifuani inatoboa pafu, na kwamba sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba homa ya ini. Na akiwa na bima, isomeke. Kliniki aliyokwenda mama mdogo ilikuwa nzuri, ila bei yake si ya mtu anayelipwa kwa kibarua cha kupogoa.

Najua utaambiwa kuna mambo ya haraka zaidi: uzazi salama, malaria, dawa za watoto. Ni kweli. Lakini hawa wa migongo na magoti ndio wanaomeza fedha zao na figo zao kila jioni mbele yangu, na baada ya miaka michache wanarudi kwenu wakihitaji kusafishwa damu, huduma ambayo gharama yake unaijua kuliko mimi.

Vifuko vitupu, vikaratasi na yale makaratasi ya mashine ambavyo wateja wamekubali kuniachia, nimevihifadhi kwenye bahasha. Kila kimoja nimekiandikia tarehe niliyokipokea na mtaa kilikonunuliwa, bila jina la mgonjwa. Ofisi ya TMDA Kanda ya Kati iko hapa hapa mjini. Mtume mkaguzi, au uniagize niende nayo Mtumba. Duka langu hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Wako katika kazi,

Mtoa dawa, Dodoma