Tusihesabu mizoga tu, tuangalie na viota

Mhariri,

Kila mara bata mwitu wanapookotwa wamekufa kando ya mashamba ya mpunga, iwe Bunyala au hapa kwetu Ahero, huonyeshwa picha za mizoga, wakalaumiwa wawindaji wanaotega kwa sumu ya kabofurani (dawa ya kuua wadudu shambani), kisha kukawa kimya hadi mizoga mingine ionekane. Siutetei uwindaji huo hata kidogo, hasa kwa kuwa nyama yenyewe huliwa na watu. Hata hivyo, mimi nilimaye mpunga naamini kwamba ipo hasara nyingine isiyoacha mzoga, nayo hutokea ndani ya yai.

Bata jike anapokaribia kutaga hubadili chakula. Hupunguza mbegu na kutafuta konokono, mabuu na wadudu wa majini, kwa sababu mayai yanahitaji protini na kalsiamu nyingi. Viumbe hao huishi kwenye tope lile lile ambamo mabaki ya dawa zetu hutuama, kwa hiyo atudo (ndivyo tumwitavyo kwa Kijaluo) huweza kumeza sumu nyingi zaidi katika majuma yale yale anayounda kizazi chake. Sehemu ya sumu hiyo humtoka kupitia mayai: mabaki ya DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, huingia katika mafuta ya kiini, na zebaki hukaa zaidi katika ute. Mwaka 1969 watafiti wa kituo cha wanyamapori cha Patuxent, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, walionyesha kwamba bata wa kichwa kijani waliolishwa DDE, yaani kile ambacho DDT hugeuka kuwa mwilini, walitaga mayai yenye maganda membamba yaliyopasuka, na vifaranga wao wakapungua. Mpita njia akipita kando ya kiota cha namna hiyo haoni chochote cha kupiga picha.

Wala si dawa za wadudu peke yake. Kule Kesterson, California, mwaka 1983, bata na ndege wengine wa majini walikutwa na viinitete na vifaranga vyenye ulemavu, na chanzo kilikuwa seleniamu, madini yaliyotolewa udongoni na maji ya kumwagilia mashamba, yakajikusanya bwawani. Sisemi kwamba udongo wa hapa kwetu, tambarare ya Kano, una seleniamu kama ule; nasema kwamba maji yatokayo shambani hayaondoki peke yake, na ya kwetu huishia kwenye vinamasi na hatimaye ziwani. Huko nako, Kisumu mjini, magari huoshwa ufukweni. Bata anayeatamia akiogelea penye mafuta huyabeba kifuani hadi kiotani, na kiasi kidogo kuliko tone moja kikipaka ganda chaweza kuua kiinitete.

Ombi langu kwa wanaopima maji yetu ni kwamba wapime pia konokono, tope na mayai viza. Kwa wakulima wenzangu, tuyaache matuta na kingo za mifereji bila kunyunyiziwa dawa, maana vifaranga hutegemea wadudu katika majuma yao ya mwanzo, na wadudu wakiisha vifaranga hufa njaa hata kama sumu haijawagusa. Tuache pia kuoshea bomba la dawa mferejini, jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifanya kwa miaka mingi bila kufikiri.

Msimu uliopita niliona kiota kwenye tuta langu kikiwa na mayai saba. Bata aliatamia mpaka akachoka akaondoka, na nilipolivunja yai moja lilikuwa viza. Niliyapeleka sita yaliyobaki kwenye ofisi moja nikitaka yapimwe. Nikaambiwa nirudi siku nitakapokuwa na ndege aliyekufa.

Mkulima wa mpunga,
Ahero, Kaunti ya Kisumu