Beetle na Corolla: injini ikinyamaza, usiridhike upesi

Mwenye Corolla ya mwaka 1996 hutuletea gari asubuhi akaondoka nalo jioni. Mwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 tunamwomba aliache lilale gereji, naye hushangaa: injini ndogo vile, haina hata rejeta, inasubiri nini?

Inasubiri kupoa. Beetle hupozwa kwa upepo, na tapeti zake, yaani vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi inayotakiwa kati ya tapeti na valvu ni milimita 0.15 tu kwa injini nyingi, na kila baada ya kilomita 5,000 hivi tunapima upya. Wengi huzisikia tapeti zikigonga kidogo wakaingiwa na hofu. Sisi tunahofia zaidi zikinyamaza. Nafasi ikiisha, valvu ya ekzosi, ile inayotoa moshi, haikai vizuri kwenye kiti chake, na hapo kwenye kiti ndipo inapotolea joto. Basi huungua taratibu, na kichwa chake kikikatika kinatoboa pistoni. Silinda namba 3 ndiyo huumia kwanza, maana kwenye injini za miaka hiyo kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo wake.

Corolla ya kizazi kilichoanza 1995 ni ya zama nyingine. Petroli hupulizwa na injekta, kompyuta ndiyo inayopima, na sensa ikiharibika taa huwaka kwenye dashibodi. Taa hiyo ndiyo inayowasahaulisha watu mkanda wa taiming, unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni, ambao hauna taa na mara nyingi haupigi kelele. Kwenye injini za 4A-FE na 5A-FE tunaubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika, kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni, lakini gari huzima papo hapo, usukani ukawa mzito ukiwa katikati ya magari. Kama umelinunua bila kumbukumbu za sevisi, tunaanza na mkanda huo pamoja na sili za oili zilizo jirani, kwa sababu oili ikiuvujia unaharibika mapema.

Kwa safari za kila siku tunakushauri Corolla. Beetle inamfaa mtu aliye tayari kuikagua mara kwa mara, mipira ya petroli ikiwemo, kwani ikipasuka juu ya injini yenye moto gari huungua.

Beetle iletwe jioni. Tutaifungua asubuhi, kabla haijawashwa.